Mtani wa Kitanda cha Tisa

Mtu ambaye hajawahi kuchukiwa na mgonjwa hata mmoja, mimi simwamini. Ndivyo nilivyoumbwa, na mama yangu husema nilitoka tumboni nikiwa nimekunja uso. Ombeni Lyimo alikuwa mtu wa namna hiyo. Tangu mwaka wa tatu aliongoza darasa letu kwa alama ya staha, wagonjwa walimwita mwanangu, wauguzi walimwekea chai, na taa ya Shahidi wake haikuacha rangi ya kijani hata siku ambazo sisi wengine tulilowa jasho. Nikaamua kwamba anaiba alama. Kilichobaki kilikuwa kujua anaibaje.

Shahidi kwa kumtazama ni kifungo tu. Chuo cha Tiba cha Lambo Jipya humshonea kila mwanafunzi kifungo hicho kwenye kola ya koti siku anapoingia wodini mara ya kwanza, na hakitolewi mpaka siku ya kuapishwa. Shahidi husikiliza unavyosema na hutazama unavyotazama. Kutoka kwenye godoro la mgonjwa hupokea mapigo ya moyo, pumzi na jasho. Huvichanganya vyote na kutoa alama, taa yake ikionyesha kijani, njano au nyekundu. Unaweza kufaulu upasuaji, dawa na uzazi kwa kishindo, lakini alama yako ya staha ikiwa chini ya sabini, huapi. Unarudi kwenu na koti lako, watu wakuulize ulifanya nini.

Mimi nilikuwa na sabini na mbili, na alama zilikuwa zinafungwa Ijumaa.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilijifanya natafuta mashine ya presha, nikasimama nyuma ya pazia la kitanda cha nne. Alilala pale mama mmoja wa makamo, mgonjwa wa kisukari, mguu wake wa kushoto umeoza vidoleni. Madaktari wa upasuaji walishakubaliana kuukata chini ya goti. Wodi nzima ilijua isipokuwa mwenye mguu. Kumweleza ilikuwa kazi ya mwanafunzi wa kitanda, maana chuo chetu kinasema kutoa habari ngumu ndiko kunakopima staha ya mtu, na mwanafunzi wa kitanda kile alikuwa Ombeni.

"Mwanangu," mama akasema, "huu mguu wanasemaje?"

"Mguu wako unaangaliwa na watu wazuri sana, mama. Usiku umelalaje?"

"Nimelala. Ila nauliza huu mguu…"

"Na uji umekunywa? Nakuona leo uso umenawiri kabisa. Ungeniambia una binti ningeleta posa."

Mama akacheka kidogo, akalegea kwenye mto. Taa ya kijani ikang'aa kwenye kola ya Ombeni. Nilikuwa nimejiandaa kuona sumaku mfukoni, au waya, au kidude cha kununua mtaani. Hakukuwa na kitu. Hata uongo haukuwepo. Kila neno alilosema lilikuwa kweli.

Nilirudi kwenye vitanda vyangu. Waliomtengeneza Shahidi walijiuliza mgonjwa aliyeheshimiwa anaonekanaje, wakajijibu kwamba ametulia, basi wakapima utulivu. Na ukitaka mtu atulie, njia ya mkato ni kutomwambia kitu. Ombeni alikuwa hamwibii Shahidi. Alikuwa anamtii kuliko sisi sote, na mimi nilitamani ningekuta sumaku.

*

Sababu ya alama zangu kuwa ukingoni ilikuwa imelala kitanda cha tisa, ikiitwa Mzee Ndekirwa Tesha.

Mzee huyo alikuwa Mchaga wa Rombo, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, na siku ya kwanza aliposikia jina langu aliinuka kwenye mto kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Namkunda? Wewe ni Mpare wewe! Nani amewaambia Wapare wawe madaktari? Mgonjwa akichelewa kupona si mtampeleka mahakamani?"

"Shikamoo, Mchaga," nikamwambia. "Sisi tunawapeleka mahakamani wale wanaoficha pombe ya mbege chini ya kitanda. Inuka nitazame."

Ndivyo tulivyoanza. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu; tunatukanana na hakuna anayenuna, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Kila nikipita alinitania kwa kesi na makande ya Kipare, nami nilimtania kwa ndizi za Kichaga. Alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu. Lakini Shahidi hajui utani. Moyo ukienda mbio kwa kicheko au kwa hofu, kwake ni moyo unaokwenda mbio, na maneno niliyoyasema yalikuwa matusi ukiyaandika. Kwa wiki nzima alama zangu zilikatwa kidogokidogo, na mzee yule hata hakuwa mgonjwa wangu. Alikuwa wa Ombeni.

Halafu Alhamisi asubuhi nikakuta ujumbe kwenye kioo cha kompyuta ya wodi: kitanda cha tisa kimehamishwa kutoka kwa Lyimo kwenda kwangu, kwa ombi la Lyimo.

Siku moja kabla ya kufunga alama!

Nilifungua matokeo ya mzee. Saratani ya kongosho, imeshatambaa kwenye ini, na mbele yake maneno ya daktari bingwa: mgonjwa ajulishwe na mwanafunzi wa kitanda. Matokeo yalikuwa yametoka jana. Ombeni aliyaona, akanikabidhi mzigo, akanawa mikono. Hivyo ndivyo nilivyowaza kwanza.

Wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Chuo chetu kina mapandikizi. Ni waigizaji wa kulipwa wanaolazwa wodini kati ya wagonjwa wa kweli, na hatuambiwi ni akina nani. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikesha akimbembeleza mjane aliyefiwa na mtoto, na asubuhi mjane akavua nywele za bandia, akamwambia amepata hamsini na nane kwa sababu alimshika bega bila kumwomba ruhusa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtazama mgonjwa usoni bila kutafuta mshono wa nywele.

Sasa mfikirie mzee wangu. Mchaga kamili mno, mwenye utani tayari mdomoni, aliyenichagua mimi kati ya wanafunzi wote ili anichokoze mpaka nishuke ukingoni. Hakuwa na mgeni hata mmoja. Macho yake yalikuwa ya manjano, lakini matone ya kugeuza macho yapo. Matokeo ya maabara yanaandikwa na watu. Nilisimama mbele ya kioo kile nikiona kila kitu kinaingia mahali pake, na nikajisifu kwa akili zangu.

Pandikizi hufundishwa kununa. Ukimgusa pabaya hununa hapohapo, kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta. Mtani wa kweli hawezi kununa. Basi nikatafuta utani mkubwa kuliko wote tuliowahi kutaniana, nikaenda nao kitanda cha tisa.

"Shikamoo, Mchaga."

"Marahaba, Mpare. Yule kijana wetu yuko wapi?"

"Umemchosha, amekuuza kwangu. Sasa sikiliza." Nikaegemea chuma cha kitanda. "Siku yako ikifika, mimi ndiye nitakayeshuka kaburini wa kwanza. Nitajilaza humo chali, viatu na vyote, na sitoki mpaka wanao waniletee mbuzi mzima wa ndafu na pipa la mbege. Wewe utasubiri juani kwenye jeneza lako."

Asiyejua mambo ya watani atashtuka. Kwetu hilo hufanyika kweli. Wenye msiba wanapolia, mtani hushuka kaburini kabla ya jeneza na kukataa kutoka, akidai hiki na kile, na watu hucheka huku machozi yakiwatiririka. Ni ruhusa aliyonayo yeye peke yake.

Mzee Ndekirwa alicheka. Alicheka kwa tumbo lote, akajikunja, akashika ubavu, taa yangu ikawa ya njano. Hakununa. Nilipumua: si pandikizi, ni Mchaga wa watu.

Kisha kicheko kikaisha, akanitazama.

"Lini?"

"Lini nini, mzee?"

"Lini unashuka humo kaburini?"

Nikaanza kunyoosha shuka lake lililokuwa limeshanyooka. 

"Wiki nzima umenitukana kwa ndizi, kwa mbege, kwa upara wangu," akasema taratibu. "Kunizika hujawahi. Jana nimesikia wanamwambia yule kijana kwamba matokeo yametoka. Leo kijana amekimbia, umekuja wewe, na umekuja na kaburi. Mimi ni mzee, Mpare. Sijawa mjinga."

Nilikuwa nimekwenda kumpima kama ni mtu au ni mtihani. Yeye alipokea habari. Kwa watu wa kwetu jambo zito ambalo ndugu hawawezi kulitamka hupewa mtani, na mimi, mjuzi wa kushuku kila mtu, sikushuku mdomo wangu mwenyewe.

Bado ningeweza kujinasua. Ningesema, "Mzee, nakutania tu, usinifie hapa," naye angekubali kwa sababu angependa kukubali, na Shahidi angenikata alama moja tu kwa mzaha mbaya.

"Nina binti," akasema kabla sijafungua mdomo. "Aikande. Barafu ya mlima wetu ilipokwisha akaenda kuifuata nyingine, yuko Ncha ya Kusini anaipima. Jumamosi inaondoka ndege ya mwisho. Baada ya hapo kule ni giza, hakuna anayeingia wala kutoka kwa miezi. Yule kijana aliniambia hali yangu imetulia, nami nikamwambia binti yangu asihangaike, atanikuta Krismasi." Akashika chuma cha kitanda. "Atanikuta?"

Nilivuta kiti nikaketi. Sijui ujasiri uliniingia kutoka wapi; nadhani ilikuwa aibu.

"Hapana, mzee. Hatakukuta. Ni saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Hatuwezi kuitoa. Maumivu tutayatuliza, hilo nakuahidi, lakini Krismasi hutaifikia."

Taa ikawa nyekundu. Mzee akageukia ukutani. Nilitaka kumshika bega nikamkumbuka mjane wa nywele za bandia, nikajichukia, nikamshika.

"Umesema vibaya, Mpare," akasema akiwa bado ukutani. "Lakini umesema. Mawasiliano ya kule hufunguka alasiri. Niache mpaka wakati huo."

*

Dk. Kokushubira, mkuu wa Kitengo cha Staha, aliniita kabla ya chakula cha mchana. Ni mama mpole, mwenye sauti ya kulaza watoto, na mtu mpole akiniita ofisini huwa naanza kutazama mlango uko wapi.

"Keti, Namkunda. Utakunywa chai?"

"Ahsante, Dokta. Nimeshakunywa." Sikuwa nimekunywa.

Akageuza kioo cha kompyuta yake ya mezani, nikajiona kwenye picha za asubuhi, nimeegemea chuma cha kitanda, nikimwambia mgonjwa anayekufa kwamba nitalala kaburini mwake na viatu. Nilijisikia vibaya sana. Kwenye kioo hapakuwa na utani. Palikuwa na msichana aliyevaa koti jeupe akimcheka mzee.

"Nimeishi Kilimanjaro, najua habari za watani," akasema kabla sijajitetea. "Lakini nikuulize. Ulimwambia vile kwa faida yake?"

"Hapana," nikasema. "Nilidhani ni pandikizi."

Aliinamisha kichwa kana kwamba nimempa jibu zuri. "Nakushukuru kwa kusema kweli. Basi tunakubaliana kwamba ilikuwa makosa. Mzee amepata habari nzito kwa mzaha, bila maandalizi, bila ndugu pembeni. Moyo wake ulikwenda mbio kiasi kwamba muuguzi aliitwa. Hiyo ni staha?"

"Siyo, Dokta."

"Kabla ya Shahidi, Namkunda, hospitali hii nilijifungulia mimi. Aliyenizalisha alinipiga kofi la paja akaniambia ninyamaze, raha nilizipata peke yangu. Watu wanaomcheka Shahidi hawajawahi kupigwa kofi lile." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Tukio lako bado halijafungwa. Likifungwa lilivyo, unabaki na sitini na moja. Lakini mwongozo unaruhusu masahihisho. Utarudi kwake sasa hivi, utamwomba radhi, utamwambia maneno ya asubuhi yalikuwa utani na matokeo yanapitiwa upya. Akitulia, alama inarudi. Wiki ijayo daktari bingwa mwenyewe atakaa naye, ataeleza vizuri, hatua kwa hatua."

"Wiki ijayo ndege itakuwa imeondoka."

"Ndege gani?"

Nikamweleza. Niliona habari ile ikimwingia, na kwa kitambo alikuwa mama tu, anayejua kifo ni nini. Kisha akatazama kola yake. Sikuwa nimewahi kugundua kwamba wakubwa nao wana vifungo, vidogo zaidi, vya rangi ya nguo. Huwezi kuviona usipovitafuta.

"Siwezi kukupa ruhusa tofauti na mwongozo," akasema. "Na sikuambii udanganye. Asubuhi ulikuwa unatania, au hukuwa unatania?"

"Nilikuwa natania."

"Basi mwambie hivyo. Na akiuliza tena ukamthibitishia, hilo ni kosa la pili. Hapo mikono yangu itakuwa imefungwa."

Ofisi yake ilinuka maua. Nilitoka nikiwa nimeshapewa uongo uliooshwa vizuri, na kila kipande chake kilikuwa kweli, kama vile vya Ombeni.

*

Nilimkuta Ombeni kwenye ngazi za nyuma, ameketi peke yake na mkate ambao hakuwa ameuma.

"Ulijua," nikamwambia.

Hakujifanya haelewi. "Nilijua."

"Alama zangu uliziona? Sabini na mbili?"

"Niliziona."

"Ukanitupia mzee."

"Nisikilize, Namkunda." Macho yake yalikuwa mekundu, nikayashuku hayo pia. "Mzee Ndekirwa ni wa kwetu. Alimfundisha baba yangu. Ukoo wake na wetu zimepakana. Mimi nitamtamkiaje mzee kama yule kifo chake? Kwetu ingekuwa kama namwombea afe. Lakini nilimwona anavyokusubiri. Kila asubuhi anaulizia, Mpare amepita? Nikajua wewe unaweza kumwambia, na yeye ataipokea. Mtani anaweza."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

Hapo alinipata. Nisingekubali. Ningemwambia abebe mzigo wake, ningelinda sabini na mbili yangu, na kujiona nimewashinda wajanja. Nilikuwa na hasira naye, na sehemu ya hasira ile ilitokana na kwamba alinijua vizuri.

"Sawa," nikasema. "Mimi nimeshasema. Sasa wanataka nirudi nikanushe. Twende wote. Alikuwa mgonjwa wako, mlikuwa mnaelewana. Wewe simama tu pembeni useme ni kweli. Tisini na nane yako haitafika chini ya sabini kwa neno moja."

Ombeni aligusa kola yake. Nadhani hakujua kwamba mkono umekwenda pale.

"Wanaoapa wakiwa juu ya tisini na tano wanachaguliwa kwenda kusomea upasuaji wa moyo," akasema. "Mama yangu ameshawaambia watu."

 Aliutazama mkate. Kwa miaka mitatu nilitaka kumkamata Ombeni Lyimo, na sasa nilikuwa nimemkamata, na haikunipa raha yoyote. Nikapanda ngazi.

*

Alasiri kioo cha kitanda cha tisa kilikuwa kimewashwa. Mwanamke wa makamo mwenye kofia ya sufu alionekana humo, nyuma yake ukuta wa mabati na mwanga mweupe. Sauti yake ilichelewa kidogo kila alipojibu. Mzee alikuwa ameketi, amechana nywele chache alizonazo, amevaa shati juu ya gauni la hospitali.

"Baba, lakini Jumanne uliniambia hali imetulia," alikuwa anasema. "Niliongea na yule kijana mwenyewe. Lyimo. Alisema uko katika mikono mizuri."

"Nilikuambia nilivyoambiwa."

"Na leo amekuambia nani?"

"Mpare," mzee akasema, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Amesema atalala kaburini kwangu mpaka mumpe ndafu."

Aikande akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amebana pumzi. "Baba! Huyo ni mtani wako! Wewe tangu lini unawasikiliza Wapare? Ulipopiga mara ya kwanza nilishtuka mpaka nikaenda kuomba nafasi kwenye ndege, kiongozi wetu amenuna kwa sababu nikiondoka kazi ya mwaka mzima inasimama." Alijifuta macho kwa kofia. "Mungu wangu. Krismasi, baba. Nitakuja Krismasi, nitakaa sana."

 Nilimwona usoni akianza kumwamini binti yake. Ilikuwa rahisi kumwamini. Mapigo yake yalikuwa yanashuka, na kwenye kola yangu taa ilikuwa inarudi njano, na njano ile ilikuwa inafifia kuelekea kijani. Sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kusimama pale na kutabasamu.

Nilifikiria nyumbani, mama akiwa ameshashona nguo ya siku ya kuapishwa. Nilifikiria pia kwamba labda ninajidanganya, labda ninataka kuwa shujaa wa wodi kwa sababu nilishindwa kuwa wa kwanza darasani. Nikiwashuku wote, sina sababu ya kujiacha mimi. Lakini nilipojishuku mpaka mwisho, mzee alikuwa bado anakufa, na ndege ilikuwa bado inaondoka Jumamosi.

"Mpe kioo huyo Mpare," Aikande akasema, sauti imechangamka. "Nimtukane kidogo."

Mzee akanisukumia. Kwa karibu niliona anafanana naye, macho yaleyale ya mwalimu.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye daktari wake?"

"Mimi ni mwanafunzi. Naitwa Namkunda. Yeye ni mgonjwa wangu tangu leo."

"Haya, Namkunda. Umetuchezea vibaya, lakini mtani ni mtani, nakusamehe." Alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limeanza kunisubiri. "Ulikuwa utani tu, siyo?"

Nyuma ya pazia nilisikia viatu vikisimama. Sikugeuka kutazama ni vya nani.

"Asubuhi nilitania, na nilikosea, namwomba radhi baba, na wewe pia," nikasema. "Ugonjwa siyo utani. Ni saratani, imesambaa, na Krismasi hatakuwepo. Panda hiyo ndege ya Jumamosi, dada."

Maneno yalichukua muda kumfikia. Niliyaona yakifika. Mzee Ndekirwa alifumba macho, akautafuta mkono wangu juu ya shuka, akaushika kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo, na kola yangu ikaanza kulia, mlio mwembamba mrefu wa alama inayofungwa chini ya sabini, ambao kila mwanafunzi anaujua ingawa wengi hawajawahi kuusikia.

"Huo mlio ni wa nini?" Aikande akauliza, ameshika mdomo. "Ni wa baba?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni wangu. Wewe nenda kachukue kiti chako kwenye ndege."